Rangi inavunjika mapema, au haivunjiki kabisa: utatuzi wa matatizo katika jaribio la uthabiti wa mtiririko ndani ya bomba

Jaribio lenyewe kila aliyesoma uhandisi amelipitia: tangi la maji, bomba la kioo lililolala, sindano inayotoa uzi mwembamba wa rangi, na koki mwishoni. Unafungua koki kidogo kidogo. Mwanzoni uzi wa rangi unapita katikati ya bomba bila kutikisika. Ukifika mahali fulani unayumba, unakatika, na rangi inatapakaa bomba zima. Osborne Reynolds alilifanya Manchester na kuchapisha matokeo yake mwaka 1883, na tangu hapo vitabu vimebeba namba ya Reynolds (kipimo kinacholinganisha kasi na ukubwa wa bomba dhidi ya mnato wa maji) ya 2000, vingine 2300, kana kwamba ni mpaka uliochorwa ndani ya maji.

Halafu mwanafunzi anaingia maabara na rangi yake inavunjika kwenye 1600. Au inagoma hadi 6000. Anaandika "makosa ya kibinadamu" kwenye ripoti na kufunga daftari. Sentensi hiyo siikubali hata kidogo. Tofauti ya namna hiyo ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo kinapatikana kwa kipimajoto, kalipa, ndoo na subira.

Shika jambo moja kabla ya dalili yoyote, maana ndilo litakalokuongoza kote. Ndani ya bomba nyoofu la duara, mtiririko tulivu hauvunjiki wenyewe. Hesabu za uthabiti, zile zinazouliza kama usumbufu mdogo kabisa utakua au utafifia, zimefanywa hadi namba ya Reynolds ya milioni 10 (Meseguer na Trefethen, 2003), na jibu ni kwamba unafifia. Ni kama gololi iliyotulia ndani ya kisosi: ukiigusa kidogo inarudi katikati, ukiisukuma ikavuka ukingo hairudi tena. Namba ya Reynolds inavyopanda ndivyo ukingo unavyoshuka, lakini haufutiki. Kwa hiyo kila rangi inapovunjika, uliza: ni nini kilichoyasukuma maji haya, na kwa nguvu kiasi gani?

Rangi inavunjika chini ya 2000

Anza na namba kabla ya kuyashuku maji. Namba ya Reynolds ni kasi ya wastani mara kipenyo cha ndani, gawanya kwa mnato wa kinematiki, yaani ukinzani wa maji dhidi ya kutiririka ukigawanywa kwa msongamano wake. Vitu vitatu tu, na vyote vitatu hukosewa.

Mnato ndio unaoongoza kwa makosa, hasa kwetu huku pwani. Majedwali mengi ya maabara yameandikwa kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ambapo mnato wa kinematiki ni karibu milimita 1.00 za mraba kwa sekunde. Maji ya tangi lililokaa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa yanaweza kufika nyuzi 30 bila shida, na hapo mnato umeshuka hadi 0.80. Chukua bomba la milimita 20. Kwa maji ya nyuzi 30, namba ya 2000 inafikiwa kwenye kasi ya sentimita 8 kwa sekunde, yaani lita moja na nusu hivi kwa dakika. Kwa maji ya nyuzi 20 ungehitaji sentimita 10 kwa sekunde. Aliyetumia jedwali la nyuzi 20 kwa maji ya nyuzi 30 ataona rangi ikivunjika kwenye 2000 halisi, na karatasi yake itasema 1600. Tumbukiza kipimajoto ndani ya tangi mwanzoni na mwishoni mwa jaribio. Usipime joto la chumba ukadhani umepima la maji.

Kipenyo kinafuata. Namba iliyochapwa kwenye ubavu wa bomba mara nyingi ni kipenyo cha nje. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20 la daraja la kanieneo PN20 lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo ndani yake kuna milimita 13.2 tu. Ukipima ujazo kwa ndoo kisha ukakokotoa kwa kipenyo cha 20, namba utakayopata ni theluthi mbili tu ya ile halisi. Kwa bomba la kioo, ingiza kalipa ncha zote mbili na upime mara kadhaa ukizungusha, kwa sababu kioo cha bei nafuu hakina duara kamili. Njia bora zaidi kwa bomba jembamba ni kulijaza maji, kuyamimina kwenye mizani, na kukokotoa kipenyo kutokana na uzito na urefu.

Kasi nayo ipime kwa kukusanya, wala usiisome kwenye kipimo cha pampu. Kwa mfano wetu wa bomba la milimita 20 kwenye nyuzi 30, lita moja inajaa kwa sekunde 40. Hapo sekunde moja ya kuchelewa kubonyeza stopwochi ni kosa la asilimia mbili na nusu, kwa hiyo kusanya lita mbili au tatu.

Ukishasahihisha vyote hivyo na rangi bado inavurugika kwenye 1700, basi kuna jambo la kweli, nalo liko mwanzoni mwa bomba. Vurugu, yaani mtiririko uliochafuka unaotapanya rangi, ikiwa chini ya 2000 haiwezi kujitunza, hufa ikisafiri. Lakini kufa kunahitaji nafasi. Kama maji yanaingia kwenye bomba kwa kupiga kona kwenye ukingo mkali, au kama koki imewekwa kabla ya bomba badala ya baada yake, maji yanaingia yakiwa yamekwishavurugika, na bomba la mita moja halitoshi kuyatuliza. Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi: angalia rangi karibu na mwingilio, kisha iangalie mwishoni. Kama mwanzoni imetapakaa lakini kuelekea mwisho mistari inaanza kunyooka, huo ni usumbufu unaokufa. Hamishia koki mwishoni, na weka mdomo uliopanuka taratibu kwenye mwingilio.

Uzi unayumba, unazama au unapinda, lakini haukatiki

Hii mara nyingi si vurugu, na haifai kuingizwa kwenye jedwali la matokeo.

Kama uzi unazama chini ya bomba kwa kasi ndogo, rangi ni nzito kuliko maji. Permanganeti ya potasiamu iliyokolezwa sana huzama namna hiyo. Ichanganye kwa maji ya tangi lilelile, tena iwe hafifu kadiri macho yako yanavyoweza kuvumilia. Maji ya bombani yaliyotoka sasa hivi hayafai kwa kuchanganyia, kwa sababu joto lake ni tofauti na la maji yaliyolala.

Kama unapinda kuelekea upande mmoja na rangi si nzito, angalia kiyoyozi. Maji ya nyuzi 29 ndani ya kioo kilichozungukwa na hewa ya nyuzi 22 yanapoa ukutani, maji yaliyopoa yanashuka, na mzunguko mdogo unajijenga ndani ya bomba. Zima kiyoyozi mapema, au acha tangi lipoe usiku kucha pamoja na chumba.

Kama uzi unacheza kwa mpangilio, kushoto, kulia, kushoto, kulia, tena kwa mapigo yanayolingana, mshukiwa ni sindano. Shina la sindano likikatiza mkondo ni mhimili uliosimama ndani ya maji, na mhimili wa duara huanza kuangusha visulisuli kwa zamu pande zake mbili pale namba ya Reynolds inayotumia kipenyo chake yenyewe inapovuka karibu 47. Sindano ya milimita moja, ndani ya bomba letu la milimita 20 likiwa kwenye 2000, ina namba yake ya kati ya 100 na 200. Imeshavuka mbali. Iondoe kwenye bomba na uiweke kwenye mdomo uliopanuka, mahali maji yanapokwenda polepole, na hakikisha ncha yake inaelekea mkondo sawasawa. Halafu rekebisha kimo cha chupa ya rangi ili rangi itoke kwa kasi ya maji yanayoizunguka. Ikitoka kwa kasi zaidi inakuwa mrusho mdogo wenye vurugu zake.

Inavunjika, inatulia, inavunjika tena

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo jaribio linapovutia kuliko kwingine kote. Uko kwenye 2100 au 2200. Rangi imenyooka. Ghafla mahali pale unapoangalia pote panakuwa wingu, wingu linapita, nyuma yake uzi umenyooka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanafunzi anaandika "mpito", bila kuuliza kilichopita mbele ya macho yake ni nini.

Kilichopita ni kipande cha vurugu chenye mwanzo na mwisho, kilichozungukwa na mtiririko tulivu mbele na nyuma. Reynolds mwenyewe aliviona vikipita kama mimweko. Wygnanski na Champagne walivichambua mwaka 1973 na kutenganisha aina mbili. Aina ya kwanza hubaki na urefu wake, mara ishirini hadi thelathini ya kipenyo, na husafiri karibu na kasi ya wastani ya maji. Aina ya pili hutanuka: uso wake wa mbele unakimbia, wa nyuma unachelewa, na kipande kinarefuka hadi kulimeza bomba.

Kuvitofautisha, weka alama mbili kwenye bomba, moja karibu na katikati na moja karibu na mwisho, na pima muda ambao wingu linachukua kupita kila alama. Muda ukilingana kwenye alama zote mbili, ni aina ya kwanza, na uko chini ya 2300 au hapo karibu. Muda ukiwa mrefu zaidi kwenye alama ya pili, kipande kinatanuka, na uko juu ya hapo.

Sasa kuhusu 2000 na 2300. Kipande cha aina ya kwanza hakina umri maalumu. Kinaweza kufa wakati wowote, na nafasi yake ya kufa sasa haitegemei kimeishi muda gani. Namba ya Reynolds ikipanda kidogo, wastani wa maisha yake unarefuka mno, lakini kifo kipo. Upande wa pili, kipande kinaweza kugawanyika na kuzaa kingine mbele yake, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kuzaa kunavyokuja haraka. Mwaka 2011 kundi la Kerstin Avila, Björn Hof na wenzao lilipima pande zote mbili na kukuta kwamba kuzaa kunakuwa sawa na kufa kwenye 2040, kwa kosa la 10 hivi. Chini ya hapo vurugu hatimaye hutoweka, juu ya hapo huenea. Hicho ndicho kizingiti cha kweli kwa bomba la duara, na ndiyo maana iliwachukua watafiti zaidi ya karne moja: karibu na 2040 mambo yote mawili ni adimu kiasi kwamba bomba la mita mbili haliwezi kuyaonyesha.

Kwa hiyo usitafute kizingiti kwa kutazama kama rangi "imevunjika". Hesabu sehemu ya muda ambayo alama yako imefunikwa na wingu, kwa dakika kadhaa kila kasi, na chora grafu ya sehemu hiyo dhidi ya namba ya Reynolds. Mstari unaoinuka kutoka sifuri unasema mengi zaidi ya alama moja ya "hapa".

Koki haijaguswa lakini kiasi cha maji kinapanda na kushuka

Maji yanatoka mwishoni kwa mapigo: mrusho unanyooka, unalegea, unanyooka tena. Bomba ni jembamba, limeunganishwa moja kwa moja na tangi la juu, na huna koki ya maana njiani.

Pampu haihusiki. Tangi linasukuma kwa kimo kisichobadilika. Maji yakiwa tulivu yanakimbia, namba inavuka 2300, vurugu inazaliwa. Vurugu ina msuguano mkubwa: kwenye 3000 mgawo wa msuguano wa mtiririko tulivu ni 64 gawanya kwa 3000, yaani 0.021, ilhali wa mtiririko wa vurugu ni karibu 0.043, mara mbili. Kimo ni kilekile, kwa hiyo kasi inashuka. Namba inarudi chini, vurugu haizaliwi tena mwingilioni, vipande vilivyomo vinatoka nje, bomba linabaki tulivu, kasi inapanda. Mzunguko unaanza upya.

Dawa ni kufanya bomba lisiwe lenye kuamua kasi. Weka mwishoni koki nyembamba inayokula sehemu kubwa ya kimo, mara kumi ya upotevu wa bomba au zaidi, na inua tangi kufidia. Vurugu ikizaliwa, upotevu wa jumla haubadiliki sana na kasi inabaki palepale. Bomba la sindano linalosukumwa na mota kwa mwendo sawa ni bora zaidi kwa mabomba membamba sana.

Kwenye bomba la kioo la milimita 20 hutaiona dalili hii, kwa sababu upotevu wake ni mdogo mno. Nitaurudia mdogo huo sasa hivi, maana unaleta balaa jingine.

Manometa haionyeshi kitu, au grafu ya msuguano haikai kwenye mstari

Kokotoa kabla ya kulaumu manometa, kile kipimo cha tofauti ya kanieneo kati ya matundu mawili ya bomba. Bomba la milimita 20, namba 2000, maji ya nyuzi 30: tofauti ya kimo kwa kila mita ya bomba ni nusu milimita ya maji. Hakuna jicho litakaloisoma. Kwa namba ileile ya Reynolds tofauti hiyo inapanda kwa mchemraba kipenyo kinapopungua, kwa hiyo bomba la milimita 5 linatoa mara 64 yake, milimita 33 kwa mita, na hiyo inasomeka vizuri kwa rula. Rangi itazame kwenye bomba nene, msuguano upime kwenye jembamba. Usilazimishe bomba moja lifanye kazi zote mbili.

Kama manometa inasomeka lakini msuguano wa mtiririko tulivu unatoka mkubwa kuliko 64 gawanya kwa namba ya Reynolds, angalia umbali kutoka mwingilio hadi tundu la kwanza la manometa. Maji yakiingia yana kasi moja karibu bomba zima, na yanahitaji safari ili yajipange katika umbo la parabola. Safari hiyo ni karibu 0.06 mara namba ya Reynolds mara kipenyo. Kwenye 2000 ni vipenyo 120: mita 2.4 kwa bomba la milimita 20, sentimita 60 kwa la milimita 5. Tundu likiwa ndani ya eneo hilo unapima msuguano pamoja na gharama ya kujipanga. Kingo za tundu lililotobolewa bila kusafishwa nazo hupotosha kipimo, na isitoshe zinausumbua mtiririko wenyewe. Pitisha msasa laini kwa ndani.

Kama mfereji wako si wa duara, 64 si yako. Kwa mraba, ukitumia kipenyo cha kihaidroli (mara nne ya eneo la mkato, gawanya kwa mzingo wake), namba sahihi ni 56.9. Kwa nafasi nyembamba kati ya bamba mbili pana ni 96. Mtu aliyepima mfereji wa mraba akakuta msuguano uko chini kwa asilimia 11 amepima vizuri kabisa, amelinganisha tu na bomba lisilo lake. Na kizingiti cha vurugu nacho usikihamishe kutoka kwenye duara kana kwamba kipenyo cha kihaidroli kinamaliza kila kitu. Tatsumi na Yoshimura walionyesha mwaka 1990 kwamba mfereji wa mstatili unaanza kuwa na usumbufu mdogo unaoweza kukua wenyewe pale tu upana unapozidi mara 3.2 hivi ya kimo. Chini ya hapo, mraba ukiwemo, tabia yake ni ya bomba: unahitaji kusukumwa.

Inagoma kuvunjika hadi 5000, hata 10,000

Mshukuru aliyejenga kifaa. Kifaa hicho hakina tatizo, kina utulivu. Reynolds mwenyewe, kwa tangi lililotulizwa na mdomo uliopanuka vizuri, alifika karibu 13,000 kabla rangi haijavunjika. Mwaka 1961 Pfenninger alifika karibu 100,000. Kifaa cha Reynolds bado kipo Chuo Kikuu cha Manchester, na waliorudia jaribio humo nyakati zetu wamepata namba ya chini kuliko yake, kwa sababu mitaa ya jirani imejaa magari na mtetemo wake unafika kwenye maji. Bomba lilelile, namba tofauti. Sijui mfano unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba kizingiti cha juu ni kipimo cha chumba chako kuliko cha maji.

Kwa sababu hiyo, kizingiti unachokipata kwa kupandisha kasi hakijirudii. Leo 4200, kesho 3100 kwa kuwa kuna mtu alikuwa akitembea ghorofa ya juu. Ukitaka namba inayojirudia, nenda kinyume: anza na kasi kubwa, hakikisha vurugu imejaa bomba, kisha teremsha taratibu huku ukingoja dakika kadhaa kila hatua. Mahali vurugu inaposhindwa kuendelea patakuwa karibu palepale kila siku, na patakuwa karibu na 2000.

Kama somo lenyewe ni uthabiti, basi leta usumbufu wako mwenyewe, unaopimika. Toboa tundu dogo kwenye ukuta baada ya maji kujipanga, unganisha bomba la sindano, na ingiza mrusho mfupi wa ujazo unaojulikana. Rudia mara nyingi kwa kila ujazo na uandike mara ngapi umezaa kipande cha vurugu kinachoendelea. Hof, Juel na Mullin walifanya hivyo mwaka 2003 na kukuta kwamba ukubwa wa usumbufu unaohitajika unapungua kwa uwiano wa moja gawanya kwa namba ya Reynolds: ukizidisha namba mara mbili, nusu ya msukumo inatosha. Huo ndio ukingo wa kisosi, umepimwa kwa mkono. Katika majaribio yote ambayo maabara ya chuo inaweza kuyafanya kwa vifaa vya bei ndogo, hili ndilo ningelipenda kila mwanafunzi alifanye.

Kinyume chake, kama hutaki kuvunjika na kunatokea mapema mno, tuliza kwa mpangilio huu: acha maji yalale tangini usiku kucha, ondoa vipovu vilivyong'ang'ania kwenye mwingilio (maji ya bombani hutoa hewa yakipata joto), tenganisha pampu na meza, kisha angalia kiungo kati ya mdomo na bomba. Ngazi ya nusu milimita kwenye kiungo hicho inatosha kuharibu kazi yote iliyotangulia.

Mpira wa maji umekunjwa, msuguano umepanda, lakini hakuna vurugu

Ndani ya mpira uliokunjwa, maji ya katikati yana kasi zaidi na yanatupwa nje ya kona, yale ya ukutani yanarudi ndani, na visulisuli viwili vinavyopingana vinajijenga kwa urefu wote. W. R. Dean alivieleza mwaka 1927. Rangi ikiingia humo inazunguka na kujikunja, na macho yanadhani ni vurugu. Ukiacha kasi bila kuigusa utaona mchoro haubadiliki na wakati; vurugu haikai kimya namna hiyo. Msuguano unapanda kweli, ila kizingiti cha vurugu nacho kinapanda, kwa mpira uliokunjwa sana huweza kuwa mara mbili au tatu ya bomba nyoofu. Vurugu iliyotoka kwenye kipande kilichonyooka inaweza hata kutulia ikiingia kwenye mzingo. Usitumie mpira uliozungushwa kutafuta 2040.

Kompyuta inasema bomba halina uthabiti

Umeandika programu ya kutafuta thamani za aigeni za mtiririko wa bomba, yaani namba zinazosema kila usumbufu mdogo utakua au utafifia kwa kasi gani, na kwenye 3000 kuna moja yenye ukuaji chanya. Kabla ya kuandika makala, jua kwamba hakuna aliyewahi kuipata kwa bomba nyoofu la duara, na kosa liko kwenye programu.

Ongeza idadi ya polinomu za Chebyshev, zile ambazo programu inazijumlisha kujenga umbo la usumbufu, tuseme kutoka 60 hadi 80. Thamani ya kweli haisogei, ya bandia inaruka. Kama inaruka, mara nyingi tatizo liko kwenye mhimili wa bomba, pale nusukipenyo ni sifuri. Kwa usumbufu unaozunguka mara moja, wengi huandika kwamba kasi zote tatu ni sifuri hapo. Si kweli: kasi ya kuelekea mbele na kanieneo ndizo sifuri, ila kasi ya kutoka katikati na kasi ya kuzunguka zinaruhusiwa kubaki, zikifungamana. Halafu hakiki alama ya chanya au hasi uliyoipa sehemu ya wakati, maana kugeuza alama moja kunageuza kufifia kuwa kukua.

Jaribu programu kwanza kwenye mtiririko kati ya bamba mbili, ambao majibu yake yanajulikana kwa desimali nyingi tangu Orszag mwaka 1971: kwenye 10,000 na namba ya wimbi 1, kasi ya wimbi ni 0.23752649 na sehemu ya kufikirika, inayobeba ukuaji, ni 0.00373967. Kizingiti chake ni 5772. Angalia tu vipimo: 5772 inatumia kasi ya katikati na nusu ya nafasi kati ya bamba. Ukitumia kasi ya wastani na nafasi nzima, jambo hilohilo linaitwa 7696. Kwa bomba la duara bahati ni kwamba kasi ya katikati na nusukipenyo hutoa namba ileile ya kasi ya wastani na kipenyo, kwa hiyo mkanganyiko huu hautokei.

Programu ikishakuwa sahihi na kila kitu kikififia, usihitimishe kwamba usumbufu mdogo hauna madhara. Visulisuli vilivyolala kwa urefu wa bomba huyavuta maji ya polepole kutoka ukutani na kuyapeleka katikati, vikijenga michirizi yenye nguvu kabla vyenyewe havijafa. Nishati inaweza kukua kwa uwiano wa mraba wa namba ya Reynolds, mara mia kadhaa kwenye 3000, ndipo ififie. Safari hiyo ya kupanda kabla ya kushuka ndiyo inayofanya msukumo mdogo utoshe kuvuka ukingo.

Kwa wanaoendesha uigaji kamili wa mtiririko: vurugu yako ikifa kwenye 2500, angalia urefu wa kisanduku, yaani kipande cha bomba kinachoigwa, kabla ya kitu kingine. Vipenyo vitano haviwezi kubeba kipande chenye urefu wa vipenyo ishirini na zaidi. Kisha angalia ukubwa wa usumbufu wa kuanzia, na ubora wa gridi karibu na ukuta. Vurugu ikiendelea kuishi kwenye 1800 ndani ya kisanduku kifupi, ni kwa sababu ncha zake zimeunganishwa na kipande kinajilisha chenyewe. Refusha kisanduku hadi vipenyo 50 au zaidi, shikilia kiasi cha maji badala ya kanieneo, na uendeshe tena.